Barua za Koplo na Sajenti: Mafunzo Niliyopata Vita vya Kagera

Vita vya Kagera vilitukuta mimi na mume wangu sote tumevaa magwanda. Yeye alikuwa sajenti wa mizinga. Mimi nilikuwa koplo wa mawasiliano katika kambi moja mjini Tabora. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kukalia eneo lililo kaskazini ya Mto Kagera, na Novemba ilipoingia Amin akatangaza kuwa ardhi ile sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akahutubia, na yale maneno yake matatu, uwezo, sababu na nia, hakuna Mtanzania wa rika langu asiyeyajua. Mwezi haukuisha mume wangu akawa ameshapanda treni ya Mwanza. Watoto wetu wawili tuliwapeleka Korogwe kwa mama yake. Mapigano yalikwisha mwanzoni mwa Juni 1979, lakini yeye alibaki Uganda na wenzake mpaka majeshi yetu yalipoondoka mwaka 1981.

Naandika haya kwa sababu ya mkwe wangu. Naye ni askari, mumewe ni askari, na mumewe alipopelekwa Kongo na walinda amani wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanaonana sura kwenye simu kila mtandao ulipokubali. Siku moja akaniuliza: "Mama, ninyi mlikuwa mnaandikiana nini hasa?" Nikamwambia nitamjibu kwa kalamu, kwa kuwa kwa mdomo ningeishia kumsimulia vita, na barua zetu karibu hazikuwa na vita ndani yake. Zilikuwa na nyumba.

1. Salamu ndizo habari zenyewe

Vijana wakisoma barua za zamani hucheka: nusu ukurasa ni salamu. Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ama baada ya salamu mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali nami. Tulifundishwa hivyo shuleni na kila mtu alifuata, hata aliyemwandikia mtu anayemdai.

Mwaka 1979 ule mstari wa "mimi huku ni mzima" niliusoma nikiwa bado nimesimama dirishani kwa karani wa barua. Nikishauona, nakunja karatasi, naitia mfukoni, narudi kazini. Yaliyobaki ni ya usiku. Baadaye nilijifunza kutazama tarehe kwanza, maana barua humsemea mtu kwa siku ile aliyoiandika, haina habari za kesho yake. Barua aliyoiandika Januari, Mutukula ilipotekwa, niliipata habari za kuanguka kwa Masaka zikiwa zimeshaenea, na Masaka ilianguka tarehe 24 Februari. Kwa hiyo uzima niliokuwa nausoma ulikuwa wa zamani. Nikamwandikia aache kungojea nafasi ya kujaza kurasa nne. Mistari mitatu inayowahi lori la jioni ilinifaa zaidi.

Kuna mengine niliyoyasoma pasipo yeye kuyaandika. Mwandiko ukilala upande, ameandikia gotini. Ukisimama wima, amepata meza, na askari akipata meza ujue kikosi kimetulia mahali. Halafu mwisho wa barua kulikuwa na orodha ya wanaonisalimu: wenzake wa mzinga mmoja, wale niliowapikia ugali nyumbani kwetu wakati wa amani. Orodha hiyo niliisoma polepole kuliko yote. Jina likikosekana mara moja, huenda yuko doria. Likikosekana tena, sikuuliza, ila barua iliyofuata niliacha kumtaja yule mtu katika salamu zangu, na yeye akajua kwamba nimejua.

2. Mkijua wote wawili, si lazima mmoja aandike

Hapa ndipo ndoa ya askari wawili inapoachana na ndoa nyingine, na hapa ndipo nitakapokaa.

Wake wengine pale kota walizijua habari za vita kwa redio, na redio yenyewe ilikuwa na mipaka yake. Kwa wiki nyingi mwanzoni mwa 1979 ilisemwa hadharani kwamba wanaosonga mbele ndani ya Uganda ni Waganda wenyewe waliokuwa uhamishoni. Waganda hao walikuwepo kweli, lakini mume wangu na mizinga yake walikuwepo pia, na kwa hiyo hakuweza hata kuandika kwamba amevuka mpaka. Aliandika "huku tulipo". Miezi yote ile makazi yake yalikuwa "huku tulipo".

Mimi niliyajua mengine kwa masikio. Ujumbe ulikuja kwa mafumbo, makundi ya herufi na tarakimu, na kazi ya kuyafumbua ilikuwa ya watu wengine katika chumba kingine. Lakini mtu akikaa kwenye kiti kile muda mrefu huanza kusikia kabla ya kufumbuliwa. Jumbe zikiongezeka usiku wa manane, zikija na alama ya haraka, zikifuatwa na maombi ya dawa na magari, hujui kilichotokea wapi, ila unajua kimetokea. Unavua vipokea sauti vya masikioni, unasaini daftari la zamu, unatoka nje. Pale mlangoni amesimama jirani yako na beseni la nguo. Anakuuliza: "Koplo, kuna jipya?" Unamwambia hakuna, na unamsaidia kuanika.

Machi 1979 palikuwa Lukaya. Yameandikwa mengi juu ya Lukaya, nami nitasema kwa kifupi. Ni mahali ambapo barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inakatiza kwenye tope na matete. Tarehe 10 Machi brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi ambao hawakuwahi kuonja vita, ilishambuliwa na majeshi ya Amin yakishirikiana na Walibya waliotumwa na Gaddafi, ikavunja safu na kurudi nyuma. Usiku ule brigedi ya 208 ikazunguka kuja kuwapiga kutokea ubavuni, na tarehe 11 mambo yakageuka. Wanaosoma vita ile wanasema baada ya Lukaya jeshi la Amin halikusimama tena sawasawa.

Zamu yangu ilikwisha alfajiri. Jioni nikakaa kumwandikia. Nilimweleza kwamba maharage ya gunia la mwisho yana wadudu, kwamba mama amepata mtu wa kumsaidia kupalilia, kwamba mtoto mkubwa ameanza kuandika jina lake na anaanzia herufi ya mwisho. Juu ya yote niliyoyasikia usiku ule sikuandika hata neno moja, wala sikumuuliza kama ni mzima. Swali kama hilo, akilipata, angejua nimeshtuka. Na mtu wa mawasiliano akishtuka, mtu wa mizinga ana haki ya kushtuka zaidi.

Jibu lake lilikuja nilipokuwa nimeshachoka kungojea. Sehemu iliyohusu Lukaya ilikuwa sentensi moja: "Huku tulipo mvua imenyesha sana." Ikafuatiwa na maagizo ya namna ya kuyaanika maharage juani juu ya turubai kabla ya kuyarudisha guniani.

Wake waliokuwa raia walifichwa mambo na waume zao kwa huruma. Sisi hatukufichana. Aliniambia baadaye, akiwa ameketi barazani Korogwe: "Nilijua uko mezani. Ningekuandikia nini ambacho hujakipokea?" Kulijua hilo kulinipunguzia upweke kuliko barua yoyote ya mapenzi, na alinitumia za mapenzi pia, ambazo si za gazeti hili.

Lakini lilikuwa na uzito wake. Mke aliye raia akilia, analia na majirani. Mimi sikuwa na ruhusa ya kulia kabla habari haijatangazwa, kwa kuwa machozi yangu yangekuwa tangazo. Kwa hiyo nilijifunza kufua. Nguo zangu miezi ile zilikuwa safi kuliko wakati wowote wa maisha yangu.

Mkwe wangu aliposoma sehemu hii alinyamaza, kisha akanikumbusha Desemba 2017, askari wetu zaidi ya kumi walipouawa Semuliki, katika eneo la Beni. Usiku ule simu za kota nzima ziliita. Picha zilikuja kabla ya majina, majina ya uongo yakaja kabla ya ya kweli. Nilimwambia kwamba simu haikuondoa lile tulilokuwa nalo sisi, imelisogeza karibu tu. Kabla mmoja hajapanda ndege, kaeni chini mwamue: tukipata habari mbaya, tutaambiana nini, na tutaacha nini kikae bila kusemwa mpaka turudi? Sisi tulilifikia hilo pole pole, barua kwa barua. Ninyi mna nafasi ya kulizungumza mkiwa chumba kimoja.

3. Nyumba iendeshwe hata kama mwenyewe yuko handakini

Kama kuna barua moja ningeiweka kwenye fremu, ni ile ya mabati. Imeandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ile inayong'aa upande mmoja, kwa kuwa karatasi nyingine hakuwa nayo. Haina salamu. Inasema ninunue mabati ya geji 28 na siyo 32, kwa sababu upepo wa kwetu utayang'oa yale mepesi. Papi zipakwe oili chafu kabla ya kupigiliwa, mchwa wasije wakala. Misumari iwe ya kofia. Na fundi asilipwe yote mpaka mvua ya kwanza inyeshe tuone kama panavuja. Pembeni, kwa herufi ndogo: "Usimwamini juu ya kona ya jikoni."

Tulikuwa tumeanza kujenga Korogwe kabla ya vita. Mshahara wake niliuchukua mimi kwa idhini yake, nikaongeza wangu. Bidhaa ziliadimika mwaka ule: sabuni ilikuwa shida, sukari shida, na mabati yalitaka kibali. Ofisi moja ilinizungusha kwa sababu kibali kilitakiwa kuombwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko vitani. Niliwaambia mwenye nyumba ni mimi. Wakaniuliza mume wangu anasemaje. Nikawaonyesha ile karatasi ya sigara. Karani aliisoma mpaka mwisho, akacheka kwenye kona ya jikoni, akagonga muhuri.

Tuligombana kwa barua juu ya bei ya misumari. Nilimwambia fundi anataka zaidi. Akajibu ni mwizi. Nikajibu ni mwizi lakini ndiye pekee asiyelewa kabla ya saa sita. Yalikwenda hivyo kwa miezi, huku kati yetu watu wanauana. Watu wakisikia huona tulikuwa hatuna hisia. Mimi naona kinyume. Mwanamume anayekataa kuibiwa misumari ana nia ya kulala chini ya bati lile. Siku ambayo angeniandikia "fanya uonavyo", ndiyo siku ambayo ningeogopa.

Watoto nao walihesabiwa humo humo. Nilipokwenda Korogwe likizo, nilimsimamisha mtoto mkubwa juu ya karatasi ya daftari, nikapitisha kalamu kuzunguka unyayo wake, nikaikunja karatasi nikaitia kwenye bahasha. Baba yake aliibeba kwenye mfuko wa shati kutoka Masaka hadi Kampala. Mji ule ulipotekwa tarehe 10 na 11 Aprili na maduka yalipoanza kufunguliwa tena, alinunua viatu kwa kipimo kile, vyekundu, vya mkanda. Vilipofika Korogwe havikumwingia mwenyewe. Miguu ya watoto haingojei vita viishe. Akavivaa mdogo wake, na mkubwa akalia siku nzima.

4. Kila barua ipewe namba

Hili ni fupi lakini lishikeni. Juu kulia, kabla ya tarehe, andika namba. Barua hazifiki kwa mpangilio zilivyoondoka: moja inapanda lori linalowahi meli ya Bukoba kuja Mwanza, nyingine inalala Biharamulo kwenye lori lililoharibika. Mimi nilipokea "mlipe fundi yote" kabla ya "usimlipe fundi chochote". Bila namba ningemfuata fundi nimdai fedha zilizokuwa haki yake.

Namba zinakuambia pia ni ngapi hazikufika. Ziko chache ambazo hatukuziona kamwe, na mpaka leo mume wangu hudai kwamba katika hizo ndimo alimokuwa ameniomba msamaha.

5. Anayebeba barua ni sehemu ya barua

Tabora ndipo reli ya kutoka Dar es Salaam inapogawanyika, tawi moja la Mwanza, jingine la Kigoma. Miezi ile treni zilipita zimejaa askari wanaopanda kaskazini, na baadaye zikaanza kurudi zikiwa na majeruhi. Kituoni pale palikuwa posta isiyo na muhuri. Askari walichungulia madirishani wakiwa na bahasha mkononi, wakiuliza nani anakwenda Dodoma, nani ana ndugu Itigi, nani atamfikishia mama Morogoro. Wauza karanga na maembe walijua mengi kuliko sisi tuliovaa vipokea sauti.

Nilijifunza kuwatunza wabebaji. Dereva wa lori la posho aliyepita kwangu alikunywa chai na alipewa chapati ya njiani, na si kwa hisani tupu: barua iliyobebwa na mtu aliyeshiba kwako haisahauliki chini ya kiti. Nilijifunza pia kwamba barua ya mkono inaandikwa tofauti na ya posta. Ya mkono inafika na macho. Nilimwandikia mume wangu kwamba niko vizuri, dereva akafika akamwambia, "Afande, shemeji amekonda." Akaniandikia kunigombeza. Tangu siku hiyo nikawa nakula kabla ya dereva kufika.

Majeruhi ndio walionifundisha jambo ambalo hakuna kitabu cha mawasiliano kinalo. Askari mmoja mkono wake wa kuandikia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka begani. Aliniomba nimwandikie mkewe, treni ikiwa imesimama kuongeza maji na mkaa wa jikoni. Alinitajia salamu zote kwa utaratibu, babu, bibi, shangazi, mpaka mbuzi. Nikamuuliza: tumwambie umeumia? Akafikiri. "Mwambie mwandiko huu si wangu kwa sababu nimepandishwa cheo, nina karani." Nikaandika hivyo hivyo.

Pale kota niliwasomea barua majirani wasiojua kusoma. Hawakuwa wengi, maana kisomo cha watu wazima kilikuwa kimewafikia kina mama wengi miaka ya 1970, na wapo waliojifunzia herufi ukubwani hasa ili siku moja wasihitaji mtu kama mimi. Waliobaki walikuja usiku. Katika kuwasomea nilikutana na mistari iliyokusudiwa sikio moja tu, na nilijifunza kuisoma kwa sauti ya chini bila kupunguza neno, kisha kusahau. Mama mmoja alikuwa akinirudisha: "Rudia pale." Narudia. "Tena." Nilikuwa najua ni pale anapoambiwa kwamba sauti yake inasikika ndotoni. Basi narudia tena.

6. Swali kubwa liwe mstari mmoja

Vita vilipoisha ndipo barua zetu zilipokuwa ngumu. Wakati wa mapigano kulikuwa na jambo moja tu la kuogopa. Baada ya Juni 1979, yeye akiwa bado Uganda akilinda barabara na madaraja ya nchi ambayo haikuwa na serikali imara, yakaja mengine. Habari zilianza kushuka na treni: askari fulani ameoa Masaka, fulani ana mtoto Jinja, fulani hatarudi. Wanawake pale kota walikaa vikundi vikundi. Waliokuwa na moyo mwepesi waliandika kurasa saba za lawama, wakazituma, na ndani ya wiki tatu za njiani lawama zile zikachacha. Zilipofika, aliyezipokea alikuwa ameshasahau kosa, au hakuwa nalo kabisa, au sasa alipata sababu ya kulitenda.

Mimi niliuliza hivi, katikati ya habari za shule: "Nasikia askari wanaoa huko. Wewe umeoa?"

Akajibu: "Sijaoa. Nimenunua redio."

Redio ilikuja kweli, kubwa, ya kaseti, imefungwa kwenye blanketi la jeshi. Nilimwamini? Nilimwamini kwa sababu mstari wake ulikuwa mfupi kama wangu. Mtu mwenye la kuficha hueleza. Huu ni uamuzi wangu na sina ushahidi wa kuuthibitishia mtu mwingine. Majirani wawili walipewa majibu mafupi pia, na yalikuwa ya uongo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walipotambuliwa, huko huko mkoani Kagera, swali lile nililikumbuka kwa namna nyingine kabisa, na nadhani kila mke wa askari wa kizazi changu alilikumbuka hivyo.

7. Aliyeandika barua na aliyerudi ni watu wawili

Hakuna aliyenionya juu ya hili. Mume wangu wa karatasini alikuwa msemaji, mtani, mbishi. Aliyeshuka kwenye treni mwaka 1981 alikuwa mkimya. Alikagua bati, akapanda juu akatikisa misumari, akashuka akasema "sawa", na hiyo ilikuwa hotuba yake ya wiki. Watoto walimwita "baba wa barua" kwa siri, kwa kuwa walimjua kwa kusomewa.

Nilichofanya ni kuendelea kumwandikia. Zamu zangu zilikuwa za usiku, zake zilikuwa za mchana, basi nikaacha karatasi mezani chini ya kikombe: kuna mboga kwenye sufuria, mtoto ana kikohozi, umeniudhi jana. Nikirudi nakuta majibu. Kwa mdomo alikuwa hawezi kuniambia kwamba mlango ukibamizwa anashtuka. Kwa maandishi aliweza, tena kwa utani, akiomba mlango upewe adhabu ya gwaride. Mambo ya Lukaya nayo niliyapata hivyo, miaka baadaye, kwenye daftari la hesabu la mtoto aliloliacha wazi mezani. Kurasa mbili na nusu. Majina yote ya ile orodha ya salamu yalikuwemo, na kila moja lilipopotelea. Niliandika chini yake yale niliyoyasikia mimi usiku ule kwenye kiti changu, saa kwa saa kadiri nilivyokumbuka. Tukawa tumeiweka pamoja siku ile kwa mara ya kwanza, nusu yake na nusu yangu. Hatukuizungumza. Alikuja jikoni akauliza kama chai ipo.

Sasa watoto wanataka barua zote zipelekwe mahali pa kuhifadhi kumbukumbu, na mkwe wangu ndiye kiongozi wa hoja hiyo. Mume wangu amekubali za mabati na za misumari, akisema taifa linahitaji kujua bei. Ile ya unyayo mtoto mwenyewe, ambaye sasa ana wajukuu, ameshaichukua bila kuuliza mtu. Daftari la Lukaya amekataa. Mimi nimewaambia wasimsumbue. Wasubiri, au wamwombe kwa maandishi, na wasizidishe mstari mmoja.